Siku Nzima ya Reli kwa Saa Nne: Historia ya Watu Wazima Wanaocheza Treni

Tuanze na fumbo. Una njia moja tu ya reli. Stesheni A na stesheni B ziko umbali wa kilomita 40, na kila upande kuna treni inayotaka kwenda upande wa pili. Dereva hana redio wala simu. Treni nzito ya mizigo ikifunga breki inaweza kwenda zaidi ya kilomita nzima kabla ya kusimama, kwa hiyo ukisema "watapunguza mwendo wakionana", umeshaua watu. Utafanyaje?

Karne ya 19 reli za Marekani zililijibu fumbo hili kwa vitu vitatu: ratiba, saa ya mfukoni na karatasi. Leo kuna watu wazima wanaokusanyika kwenye chumba cha rafiki yao na kulijibu tena, jioni nzima, kwa treni zinazotosha kushikwa kwa mkono mmoja. Ukiwaona kwa mbali utadhani wamerudi utotoni. Ukikaa nao kidogo utagundua wanachofanya kinakaribia jaribio la maabara, isipokuwa kinachojaribiwa ni historia.

Dakika nne za Kipton

Kwanza tuone jibu lenyewe lilivyofanya kazi. Ratiba ilisema treni ipi ni kubwa na ipi ni ndogo kwa cheo. Treni ya cheo cha chini ilitakiwa kuingia kwenye njia ya kupishana na kutulia hapo dakika kadhaa kabla ya treni ya cheo cha juu kufika. Hakuna aliyempigia mwenzake kumuuliza. Kila dereva alitazama ratiba, akatazama saa yake, akaamua kama anao muda wa kufika stesheni inayofuata.

Unaona udhaifu uko wapi, si ndiyo? Usalama wote umeegemea kwenye saa mbili kukubaliana.

Aprili 1891, huko Kipton, jimbo la Ohio, hazikukubaliana. Treni ya abiria ilitakiwa kuipisha treni ya barua iendayo kasi. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba saa ya dereva ilisimama kwa takriban dakika nne, kisha ikaendelea kama kawaida. Yeye aliamini bado ana muda. Treni ziligongana na watu wasiopungua 8 wakafa. Baada ya hapo Webb C. Ball, mfanyabiashara wa saa wa mji wa Cleveland, alipewa kazi ya kusimamia saa za wafanyakazi wa reli. Kanuni ya saa za reli iliyoenea baadaye ilisema isipotee wala kutangulia kwa zaidi ya sekunde 30 kwa wiki.

Kitu cha tatu, karatasi, kilihitajika pale ratiba ilipovurugika. Mwongozaji mmoja, aliyekaa mbali na hakuona treni hata moja, alituma amri kwa telegrafu, baadaye kwa simu. Karani wa stesheni aliiandika, akamrudia neno kwa neno, ndipo ikawa halali. Amri za fomu namba 31 zilimtaka mpokeaji aweke sahihi, maana yake treni isimame. Za fomu namba 19 hazikutaka sahihi, kwa hiyo karani angeweza kuifunga karatasi kwenye fimbo na kumnyooshea dereva treni ikiwa inapita.

Jukwaa la Ellison

Reli za mfano zilikuwepo muda mrefu kama mapambo na vitu vya kuchezea. Miaka ya 1930 ndipo zikawa mchezo wenye mpangilio: gazeti la Model Railroader lilianza kutoka mwaka 1934, na mwaka uliofuata chama cha taifa cha wapenzi wake kikaundwa Marekani, kazi yake kubwa ikiwa kuweka vipimo vya pamoja ili behewa lako liweze kutembea kwenye reli yangu.

Lakini treni inayozunguka duara inachosha. Mzunguko wa kwanza unashangilia, wa kumi unatafuta chai. Frank Ellison wa New Orleans, mmiliki wa reli ya mfano aliyoiita Delta Lines, aliandika mwaka 1944 mfululizo wa makala akieleza njia ya kutokea. Alilinganisha reli ya mfano na tamthilia: reli ni jukwaa, milima na nyumba ni mapambo ya jukwaa, treni ni waigizaji, na ratiba ndiyo kisa chenyewe. Bila ratiba una waigizaji waliosimama tu wakipendeza.

Hapo ndipo marafiki wanapoingia, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwa dereva watatu, karani na mwongozaji kwa wakati mmoja. Basi kazi zinagawanywa. Mmoja anakaa chumba kingine na karatasi zake. Wengine wanaendesha. Mwingine anasimamia yadi, akikata na kuunganisha mabehewa. Mwaka 1961 Doug Smith alichapisha utaratibu wa kadi: kila behewa lina kadi yake, na kadi hiyo inabeba hati ya mzigo inayosema linatoka wapi na linakwenda wapi. Ghafla behewa halitembei kwa sababu linapendeza. Linatembea kwa sababu kuna kiwanda kinasubiri makaa ya mawe.

Hesabu ya saa inayokimbia

Sasa sehemu niipendayo zaidi, kwa sababu ina fizikia ndani yake.

Kipimo kinachotumika sana huitwa HO, yaani 1 kwa 87. Chukua reli unayoijua: Dar es Salaam hadi Morogoro ni takriban kilomita 200. Gawa kwa 87 na unapata kilomita 2.3. Nani ana sebule ya kilomita mbili? Mtu mwenye bahati ana njia ya mita 30 iliyopindapinda kuzunguka chumba. Hiyo ni sawa na kilomita 2.6 za kweli. Treni ya mfano ikienda mwendo unaolingana na kilomita 50 kwa saa, inamaliza nchi nzima kwa dakika tatu. Ratiba ya dakika tatu haina maana.

Suluhisho lao lilikuwa kuiharakisha saa. Wanatundika ukutani saa inayokimbia, tuseme mara sita. Dakika zako 10 ni saa nzima ya reli, ile safari ya dakika tatu inakuwa kama dakika 19, na siku yote ya saa 24 inaisha kwa saa nne. Ukianza baada ya chakula cha jioni, mnafika usiku wa manane wa reli kabla ya usiku wa manane wenu.

Ila kuna mtego. Unaweza kuikimbiza saa, lakini huwezi kuikimbiza mikono. Kuunganisha mabehewa kwa dakika tano kunageuka nusu saa kwenye saa ya ukutani. Kuandika amri na kuirudia neno kwa neno, nako vilevile. Ndiyo maana wengi wanaishia kwenye mara tatu au nne. Yeyote aliyewahi kutengeneza modeli ya kisayansi anaujua ugonjwa huu: ukipunguza kipimo kimoja, vingine havikufuati kwa uwiano uleule.

Chini ya meza, MIT

Tawi moja la historia hii limefika hadi kwenye simu yako. Klabu ya reli za mfano ya wanafunzi wa MIT ilianzishwa miaka ya 1940, ikakaa miongo kadhaa kwenye jengo namba 20 la chuo. Kulikuwa na makundi mawili. La kwanza lilipenda kupaka rangi treni na kujenga milima. La pili lilipenda kulala chini ya meza, kwenye nyaya na rilei za simu walizopewa kama msaada, likijenga mitambo ya kuwawezesha watu wengi kuendesha treni nyingi kwa pamoja.

Tazama walichokuwa wanatatua: nani ana haki ya kutumia kipande hiki cha njia, na asubiri nani? Kompyuta yenye programu nyingi zinazogombea kumbukumbu moja ina swali hilohilo. Haishangazi kwamba baadhi ya vijana hao, Alan Kotok na Peter Samson miongoni mwao, walihamia kwenye kompyuta za mwanzo za chuo. Klabu ilikuwa pia na swichi za dharura chumbani. Ukiona treni inakwenda kugonga, unabonyeza, na saa ya mwongozaji inasimama na kuandika FOO. Kama unaandika programu, neno hilo umeshalitumia. Ni la zamani kuliko klabu, lakini pale lilikuwa na kazi.

Kwa nini tujali

Kwenye reli za kweli, amri za karatasi zilififia miaka ya 1980, redio na kompyuta ziliposhika kazi. Kanuni zimebaki vitabuni, na ukizisoma zinaonekana urasimu mtupu. Kwa nini urudie neno kwa neno kitu ulichokisikia vizuri? Jibu linakuja pale unapoandika "namba 4" badala ya "namba 14", na dakika kumi baadaye rafiki yako anatokea kwenye kona na treni yake. Kwenye meza mnacheka. Kila mstari wa kanuni zile uliandikwa kwa sababu mahali fulani hakuna aliyecheka.

Na huhitaji reli ya mfano kulijaribu. Chora njia moja yenye stesheni nne kwenye karatasi ndefu, weka njia ya kupishana kila stesheni, tumia vizibo vya soda kama treni. Mpeleke mwenzenu mmoja chumba kingine na simu, awe mwongozaji asiyeona kitu. Andikeni ratiba, ikimbizeni saa mara nne, kisha mcheleweshe treni moja makusudi. Anzeni na treni tatu tu. Ya nne iongezeni siku mtakayomaliza mchezo bila ajali.