Mapatano Yaliyochelewa: Habari za Eneokazi la Unix

Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani. Ulisifika kwa uthabiti, lakini kwa muda mrefu mtumiaji aliuamrisha kwa maneno makavu, mstari baada ya mstari. Mwaka 1984 chuo cha MIT kilianzisha X, programu ichoreayo madirisha katika skrini. X haikuamua madirisha hayo yawe na sura gani, na katika jambo hilo ugomvi ukapata mlango.

Kampuni za AT&T na Sun ziliposhikamana, wapinzani wao, miongoni mwao IBM, Hewlett-Packard na Digital, waliingiwa na hofu; mwaka 1988 wakaunda shirika lao, Open Software Foundation. Sun ilishika mtindo wa OPEN LOOK, shirika likatoa Motif. Mtunga programu aliyetaka wateja wa pande zote mbili aliifanya kazi moja mara mbili. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Machi 1993 mahasimu walipatana. Haukuwa upendo uliowakutanisha: Microsoft ilikuwa ikiandaa Windows NT, iliyotoka Julai mwaka huo huo. Hewlett-Packard ilitoa eneokazi lake, VUE, liwe msingi; Sun ikaiacha OPEN LOOK. Mwaka 1995 likatoka toleo la kwanza la Common Desktop Environment, yaani eneokazi la pamoja, lijulikanalo kwa kifupi kama CDE. Chini ya skrini palikaa ubao wenye saa, kalenda, barua na pipa la taka. Katikati yake vitufe vinne vya kumhamisha mtumiaji kutoka uwanja mmoja wa kazi hadi mwingine. Aliyejifunza kwenye mashine ya kampuni moja hakuwa mgeni kwenye mashine ya nyingine.

Lakini nyumba hiyo ya pamoja ilikuwa na kufuli. Msimbo wake ulifichwa, na leseni yake iliuzwa. Wakati huo huo Linux ilikuwa ikienea bure mikononi mwa wanafunzi, ambao hawakuwa na fedha za kununulia ufunguo. Oktoba 1996 mmoja wao, Matthias Ettrich wa Tübingen, Ujerumani, aliwaita wenzake wajenge eneokazi huria, akaliita KDE, jina lililoitania CDE. Mwaka 1997 ikafuata GNOME. Baadaye Sun yenyewe iliigeukia GNOME, na Solaris 11, iliyotoka mwaka 2011, haikuwa tena na CDE.

Agosti 2012 msimbo wa CDE ulifunguliwa kwa watu wote. Kufuli liliondolewa wakati wapangaji wamekwisha hama, wakabaki watunzaji wachache wa hiari. Kampuni zile zilijua kwamba umoja ni nguvu, lakini ziliufanya umoja huo kuwa wa wenye mali peke yao; na waliobaki nje walijenga kwao.