Ngozi isiyohisi maumivu ni hatari kwa mwenyewe

EKICHOLONG, kigoda cha mti ambacho wanaume wa Kiturkana hukalia na kulazia kichwa, kikiachwa juani pamoja na panga huko Namoruputh, Kaunti ya Turkana, atakayevigusa ataapa kwamba panga ndilo lenye joto zaidi. Hata kama joto la vyote viwili ni sawa, hisia hiyo haibadiliki. Sababu ni kwamba chuma hupitisha joto mkononi upesi kuliko mti. Ngozi si kipimajoto. Hutambua jinsi yenyewe inavyopashwa au kupozwa.

Ngozi ya mtu mzima ina ukubwa wa takriban mita 2 za mraba. Ndani yake mna ncha za mishipa ya fahamu, yaani neva, na kila aina ina kazi yake. Neva za mguso zimesongamana zaidi kwenye ncha za vidole na midomoni kuliko mgongoni. Baadhi hunyamaza mguso unapoendelea, ndiyo maana mwanamke husahau uzito wa shanga alizovaa shingoni.

Mwaka wa 1997, David Julius wa Marekani alitumia kiini cha ukali wa pilipili kugundua protini ya neva inayofunguka joto likifika takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Pilipili hufungua mlango huohuo, na ndiyo maana mlaji huhisi kuungua. Mwaka wa 2010, Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Lebanoni, alitambua protini zinazofunguka seli inapobonyezwa. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021.

Anayekanyaga mwiba wa mathenge huhisi maumivu mara mbili: kwanza mchomo mkali, kisha maumivu mazito yanayodumu. Ujumbe wa kwanza hupita kwenye neva za kasi. Wa pili husafiri mwendo wa takriban mita 1 kwa sekunde. Uti wa mgongo huamuru mguu uinuke hata kabla ubongo haujatambua maumivu.

Mwasho nao si maumivu madogo, kwani una neva zake. Mbu akiuma, mwili hutoa kemikali iitwayo histamini, ambayo huziamsha neva hizo. Kujikuna huleta maumivu kidogo yanayofunika mwasho kwa muda, lakini kucha zikichubua ngozi, viini vya maradhi hupata njia. Mwasho unaozidi usiku huenda ukawa upele, unaoletwa na vidudu wanaochimba ngozi. Mahali penye msongamano upele huenea haraka, na tiba hufaa zaidi watu wote wa nyumba wakitibiwa pamoja.

Hatari kubwa zaidi ni kutohisi. Ukoma na kisukari huharibu neva. Daktari Paul Brand, aliyehudumu Vellore, India, kuanzia mwaka wa 1946, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma haviozi vyenyewe. Huharibiwa na majeraha na moto usiohisiwa. Leo ukoma hutibika kwa dawa za miezi 6 au 12, ingawa neva zilizokwisha kuharibika huenda zisipone.

Kwa hiyo, mwenye baka lisilohisi mguso aende kituo cha afya bila kuchelewa. Aliyekufa ganzi miguuni avae viatu daima, achunguze nyayo kila jioni, na amwombe mwenzake ampimie maji ya moto kabla ya kuoga.