Kamioneti za Zamani na Kazi ya Siku ya Posho

Kamioneti sote twaijua: mbele kibanda cha dereva, nyuma sanduku la mizigo lisilo na paa. Tumeizoea hata hatuulizi ilitoka wapi. Leo twataka kusimulia habari zake huko ilikozaliwa, katika nchi ya Marekani, na zaidi habari za wenyewe waliozitunza. Maana kwa miaka mingi aliyeitengeneza kamioneti hakuwa fundi wa garaji bali mwenye gari mwenyewe, na siku yake ya kazi hiyo ilikuwa siku ya posho.

Hapo mwanzo hapakuwa na kamioneti ya kununua. Mkulima alinunua gari la Ford la namna ya T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, kisha akaikata sehemu ya nyuma, akapigilia mbao, akapata mahali pa kutia magunia ya viazi na mitungi ya maziwa. Wengine walinunua shasi tupu, wakajijengea yaliyobaki. Kiwanda kikaona. Tarehe 15 Aprili 1925 Ford akaanza kuuza gari la T lenye sanduku la chuma nyuma, kwa bei ya dola 281. Mwaka ule zilitengenezwa karibu 34,000. Moteri yake ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Basi kamioneti ya kiwanda iliiga kazi ya mikono ya wakulima, wala si wakulima walioiga kiwanda.

Na ile siku ya posho, nani aliwapa? Zamani mfanyakazi wa Marekani alifanya kazi siku sita. Mwaka 1908 kiwanda kimoja cha nguo upande wa kaskazini-mashariki kilianza kufunga siku mbili, kwa sababu Wayahudi waliofanya kazi humo walishika Sabato, na Wakristo walishika siku ya Mungu. Vyama vya wafanyakazi viliendelea kudai. Kisha, tarehe 1 Mei 1926, Ford yuleyule akawapa watu wa viwanda vyake juma la siku tano. Tusidhani alifanya hivyo kwa huruma tupu. Alisema waziwazi kwamba mtu asiye na nafasi ya kupumzika hana haja ya kununua gari. Sheria ya mwaka 1938 ikaeneza jambo hilo: kufika mwaka 1940 saa za kazi zilikuwa 40 kwa juma, na aliyezidisha alipaswa kulipwa zaidi. Lakini sheria hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashamba. Wao ndio waliopanda kamioneti kuliko wote, na hawakupata siku ya posho ya bure. Mashambani gari lilitengenezwa mvua iliponyesha.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa pili wa mwaka 1942 viwanda viliacha kutengeneza magari ya raia, vikageukia magari ya askari na ndege. Wajapani walikuwa wameteka nchi za Asia zilizotoa mpira, kwa hiyo mipira ya magurudumu ikagawanywa kwa kipimo, na watu wakaamriwa wasipite mwendo wa kilometa 56 kwa saa. Hapa habari yatugusa sisi Wakongo. Mpira ulipokosekana, serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliwarudisha babu zetu msituni kugema mpira wa porini, na mwaka uleule wa 1942 siku za kazi ya lazima zilizidishwa toka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mtu wa Marekani aliyetia kiraka katika mpira wake siku ya posho, na mzee wetu aliyegema utomvu kwa lazima, walifungwa na vita moja; ila mmoja alirudi kwake jioni akiwa na siku yake.

Vita ilipokwisha, kila mtu alitaka gari jipya. Chevrolet ilitoa kamioneti zake mpya mwaka 1947, Ford ikatoa zile za F-1 mwaka 1948. Hizo, pamoja na ndugu zao waliofuata hata kufika miaka ya 1970, ndizo watu wa Marekani wanazozitunza hadi leo kwa upendo wa ajabu. Tutazame kazi yenyewe.

Fungua kifuniko cha moteri ya Chevrolet ya mwaka 1950. Utaona silinda sita katika mstari mmoja, na nafasi kubwa kandokando hata mkono mzima waingia pamoja na ufunguo. Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Asubuhi mwenye gari humwaga mafuta ya moteri yangali ya moto, maana mafuta ya moto hutoka na uchafu wake. Huondoa bakuli la kuchujia hewa. Ndani yake mna mafuta kidogo yanayonasa vumbi, naye hulisafisha na kulitilia mapya. Kisha hulala chini na bomba la grisi. Kila kiungo cha usukani na cha magurudumu ya mbele kina kichuchu kidogo cha chuma. Oscar Zerk, mtu aliyezaliwa Vienna, ndiye aliyepewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1929. Viungo hivyo hutaka grisi kila kilometa 1,600 hivi. Ukisahau, chuma hula chuma, na usukani huanza kucheza mkononi.

Halafu delko, yaani chombo kinachogawa umeme kwa buji zote. Ndani yake mna platini, vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kwa dakika. Nafasi kati yao haifiki hata nusu milimeta, na mwenye gari huipima kwa kipande chembamba cha chuma. Ikizidi au ikipungua, moteri hukohoa. Kazi hii watoto wengi walijifunza kwa kumshikia baba taa, na tukubali kwamba wengi walisikia pia maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Vipande vya kubadilisha vilitoka wapi? Huko Chicago mhamiaji mmoja, Israel Warshawsky, alifungua mwaka 1915 uwanja wa kuuza vyuma vya magari mabovu. Mwanawe akaanza kutangaza katika magazeti mwaka 1934, na ile nyumba yao ya biashara, J. C. Whitney, ikatuma kitabu chake cha bei katika nchi nzima. Hata mtu wa kijiji cha mbali aliweza kuandika barua na kupata kabureta.

Mpaka hapa twasema habari za kutunza. Lakini wengi walitaka pia kuongeza, na sababu yao kubwa ilikuwa barabara. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga kilometa 66,000 hivi za barabara pana. Kamioneti ya zamani ilifanywa kwa njia za mashamba: moteri ilizunguka mara nne na zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Ina nguvu ya kuvuta, haina mbio. Tena ile moteri ya Chevrolet haikusukuma mafuta kwa pampu hadi viungo vyote. Vijiko vidogo viliyachota yalipokuwa yakizunguka. Kwa mwendo wa pole hakuna shida, lakini ukiikimbiza saa nzima yaweza kuharibika. Kwa hiyo watu waliitoa, wakatia mahali pake ile ya mwaka 1954 yenye kusukuma mafuta kwa nguvu, kwani yaingia karibu bila kukata kitu. Wengine walibadilisha umeme wa volti 6 kuwa volti 12, kama viwanda vyenyewe vilivyofanya mwaka 1955 na 1956, ili taa ziangaze na moteri iwake wakati wa baridi. Katika Ford za volti 6 waya uliofungwa kwenye shasi ni ule wa chanya, si wa hasi. Aliyesahau hilo aliunguza vyombo vyake.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwetu lapita mengine yote, ndilo freni. Kabla ya mwaka 1967, katika kamioneti hizo za Ford na Chevrolet, mguu wa dereva ulisukuma mafuta katika njia moja tu, iliyogawanyika kwenda magurudumu yote manne. Bomba moja likitoboka, hata kama ni la gurudumu moja, mafuta yote humwagika na kanyagio hushuka hadi sakafuni. Hapo hakuna freni ya mguu kabisa. Tangu mwaka 1967 viwanda hivyo vikaweka njia mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kuna wapenzi wa magari ya zamani wanaosema gari lisiguswe, libaki kama lilivyotoka kiwandani. Twawaelewa katika mambo ya rangi, ya taa, ya kitambaa cha kiti. Katika freni hatuwaelewi. Mtoto anayevuka barabara hajui gari ni la mwaka gani. Na mafuta ya freni hunywa maji ya hewani kidogo kidogo, kutu hula bomba kwa ndani, wala huoni kitu kwa nje mpaka siku hiyo.

Kazi hiyo ya freni ilikuwa na hatari nyingine iliyofichika. Vitambaa vya freni za zamani vilikuwa na amianti, ambayo wengine huiita asbesto. Watu walifungua ngoma ya gurudumu wakapuliza vumbi kwa hewa, wakalivuta puani, na kansa ya mapafu huja baada ya miaka mingi. Leo wanaojua hulowesha vumbi kwanza, wala hawapulizi. Vilevile petroli ya zamani ilikuwa na risasi, sumu inayodhuru akili za watoto. Marekani iliikataza kwa magari ya barabarani tangu tarehe 1 Januari 1996. Kwa kuwa risasi ilikinga vali za moteri, wenye kamioneti walilazimika kutia viti vigumu vya vali. Gharama ndogo, tukifikiri habari za watoto.

Mwaka huohuo wa 1996 sheria ya huko ilitaka kila gari dogo jipya liwe na tundu la kuunganisha mashine inayosoma makosa yake. Fundi husoma namba, si sauti. Watu wa jimbo la Massachusetts walipiga kura mwaka 2012 ili viwanda visimfiche mwenye gari habari hizo. Ugomvi huo bado haujaisha.

Imebaki kazi moja ambayo wengi huifanya mwisho. Katika kamioneti nyingi za Chevrolet mpaka zile za mwaka 1972, tangi la petroli limo ndani ya kibanda, nyuma ya mgongo wa dereva. Baba na watoto hukaa hapo, na harufu yake huisikia wakati wa joto. Basi mwenye gari hulitoa, akafunga tangi jingine chini ya sanduku, kati ya vyuma viwili vya shasi. Lile tundu la zamani la kumiminia petroli ubavuni mwa kibanda huzibwa kwa kipande cha bati na kupakwa rangi. Ukisogea karibu, mara nyingi alama yake yaonekana bado.