Jinsi nuru inavyopima wingi wa damu maabarani

Mama mjamzito anapofika kliniki hutolewa damu kidogo, kisha nambari ikaandikwa katika kijitabu chake. Iwapo himoglobini yake haifiki gramu 7 kwa kila desilita, huhesabiwa kuwa na upungufu mkali wa damu, na huenda akalazimika kuongezewa. Aghalabu nambari hiyo huwa imepimwa kwa nuru.

Chombo chenyewe huitwa spektrofotomita. Ndani yake mna taa, na kifaa cha kubagua rangi moja tu ya mwanga. Kwa damu huteuliwa kijani, mawimbi ya urefu wa nanomita 540. Mbona kijani? Damu huonekana nyekundu kwa kuwa huufyonza ukijani na kuuacha wekundu upite.

Damu haipimwi ilivyo, kwani ni nzito mno. Katika mbinu iliyozoeleka kwa miaka mingi, mikrolita 20 huchanganywa na mililita 5 za dawa ya Drabkin, ambayo huzipasua chembe na kuigeuza himoglobini kuwa kemikali moja thabiti. Mchanganyiko hutiwa katika kichupa chenye upana wa sentimita 1, nuru ikapenyezwa, na upande wa pili kihisi kikapima iliyosalia.

Pierre Bouguer mnamo 1729, Johann Lambert mnamo 1760 na August Beer mnamo 1852 ndio waliotupa kanuni yake: ufyonzaji huongezeka kulingana na wingi wa kilichoyeyuka na umbali ambao nuru imesafiri ndani ya kimiminika. Asilimia 10 ya nuru ikipenya, kipimo ni 1. Ikipenya asilimia 1, ni 2. Kupita hapo nuru huwa haba mno, na mpimaji mwangalifu huizimua sampuli na kuanza upya.

Hatari ni kwamba chombo hakiijui damu. Hujua tu nuru iliyopotea. Alama ya kidole kwenye kichupa, povu, mafuta mengi katika damu au chembe nyeupe zilizozidi kiasi, vyote huizuia nuru na kuhesabiwa kuwa himoglobini. Hivyo basi mama aliyeishiwa damu anaweza kurudishwa nyumbani na nambari ya kupendeza.

Kwa hivyo dawa tupu hupimwa kwanza, chombo kisome sufuri, kisha sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana. Kichupa nacho hushikwa kwenye pande zake zenye ukungu, na kufutwa kwa karatasi laini kabla ya kila kipimo.