Chanjo kwa Samaki wa Kufugwa: Namna Inavyofanya Kazi na Mipaka Yake

Chanjo ya samaki hutengenezwa kutokana na vimelea vya ugonjwa wenyewe, kwa kawaida bakteria waliouawa, na huingizwa katika mwili wa samaki mwenye afya ili kinga yake iwatambue kabla hajakutana nao majini. Si dawa ya kutibu. Samaki aliyekwisha kuugua hafaidiki nayo, na kumkamata ili achanjwe akiwa katika hali hiyo kunaweza kuharakisha kifo chake.

Suala hili limepata uzito nchini kutokana na kukua kwa ufugaji wa sato kwa vizimba katika Ziwa Victoria. Januari 2024, Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba kwa wavuvi na wafugaji wa Kanda ya Ziwa. Kizimba kimoja hubeba maelfu ya samaki katika eneo dogo. Maji hupita huru kutoka kizimba kimoja hadi kingine, na bakteria hupita pamoja nayo. Mfugaji wa ng'ombe anaweza kumtenga mnyama mgonjwa. Mfugaji wa samaki hana nafasi hiyo.

Miongoni mwa bakteria wanaohofiwa zaidi na wafugaji wa sato duniani ni Streptococcus agalactiae. Samaki aliyeambukizwa huogelea kwa kuzunguka juu ya maji kana kwamba amelewa, macho hutoka nje au kuwa na ukungu, na wekundu wa damu huonekana kwenye mashina ya mapezi na karibu na vifuniko vya mashavu. Ugonjwa huu hushamiri maji yanapokuwa ya joto, hewa ya oksijeni inapopungua na samaki wanapobanana. Tabia yake mbaya zaidi kwa mfugaji ni kwamba huwashambulia mno samaki waliokwisha kukua. Vifaranga wanaweza kupita salama, kisha vifo vikaja miezi michache kabla ya mavuno, wakati sehemu kubwa ya fedha, ambayo mara nyingi ni ya mkopo, imekwisha kutumika katika chakula.

Njia iliyozoeleka ya kukabiliana na hali hiyo ni kuchanganya antibiotiki katika chakula. Njia hiyo ina kasoro ya wazi: samaki mgonjwa huacha kula, hivyo dawa huliwa zaidi na wale wenye afya, na inayobaki huzama ziwani. Matumizi ya namna hiyo huchochea usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na madhara yake hayaishii kwa samaki, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo ni za aina moja na zile zinazotumika kuwatibu binadamu.

Wazo la kuwakinga samaki si geni. Mwaka 1942 mtafiti D. C. B. Duff wa Kanada alichapisha matokeo ya kuwalisha trauti bakteria waliouawa ili kuwakinga na furunkulosi, ugonjwa wa majipu unaosababishwa na Aeromonas salmonicida. Kuenea kwa antibiotiki baada ya hapo kulififisha juhudi hizo, na chanjo ya kwanza ya kibiashara ilipewa leseni nchini Marekani mwaka 1976.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Norwei. Mwaka 1979 wafugaji wa samoni karibu na kisiwa cha Hitra walikumbwa na ugonjwa wa bakteria uliopewa jina la kisiwa hicho, na mwaka 1985 furunkulosi iliingia nchini humo pamoja na samaki wachanga walioagizwa kutoka Uskoti. Kufikia mwaka 1987, Norwei ilikuwa ikitumia karibu tani 48 za antibiotiki kwa mwaka ili kuzalisha samoni wasiozidi tani 50,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilipatikana chanjo za sindano zilizochanganywa na mafuta, ambayo huifanya kinga idumu muda mrefu. Leo nchi hiyo huzalisha zaidi ya tani milioni 1 za samoni kwa mwaka, na antibiotiki zinazotumika hazifiki tani 1. Ni haki kuongeza kwamba chanjo haikufanya kazi hiyo peke yake: mashamba yalihamishiwa penye mkondo mzuri wa maji, samaki wa rika tofauti walitenganishwa, na maeneo yalipumzishwa baada ya mavuno.

Chanjo hutolewa kwa njia tatu: kwa sindano, kwa kuwachovya samaki katika maji yenye chanjo, au kwa chakula. Sindano ndiyo yenye kinga imara zaidi, lakini humlazimu mchanjaji kumshika kila samaki. Samaki hawalishwi kwa siku moja kabla ya kazi hiyo, kisha hulazwa usingizi na kuchomwa tumboni, mbele kidogo ya mapezi ya chini, kwa dozi isiyozidi sehemu ndogo ya mililita. Baadhi ya dawa za usingizi zinazotumika hutokana na kiini cha mafuta ya karafuu, zao lililoipa Zanzibar jina. Mchanjaji mzoefu huweza kuchanja zaidi ya samaki 1,000 kwa saa. Kuchovya huwafaa vifaranga wadogo ambao sindano ingewaumiza, ila kinga yake ni ya muda mfupi zaidi. Chanjo ya chakula ndiyo rahisi kuliko zote, na pia ndiyo dhaifu, kwa sababu sehemu yake huharibiwa tumboni kabla ya kufanya kazi.

Kwa kuwa joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, kinga yake hujengeka haraka au polepole kulingana na maji hayo. Samoni aliye katika maji ya nyuzi 10 huhitaji takriban siku 50. Katika maji ya joto anamoishi sato, muda huo hupungua hadi wiki chache. Kwa hiyo vifaranga huchanjwa na kusubiriwa kwanza, ndipo wapelekwe vizimbani.

Mipaka ya chanjo nayo haina budi kueleweka. S. agalactiae ana aina kadhaa, zikiwamo Ia, Ib na III, na chanjo ya aina moja haiwi lazima kinga ya nyingine. Kununua chanjo kabla ya vipimo vya maabara ni kubahatisha. Aidha, chanjo ya bakteria haizuii virusi. Mwishoni mwa mwaka 2018, vizimba vya Ziwa Volta nchini Ghana vilipata vifo vingi vya sato, na uchunguzi ukabaini virusi vya ISKNV, ambavyo chanjo ya bakteria haiwezi kuvikinga.

Kwa mlaji, nyama ya samaki aliyechanjwa kwa bakteria waliouawa haina kimelea hai kutokana na chanjo hiyo. Tahadhari inahusu samaki mbichi: mwaka 2015 nchini Singapore, aina mojawapo ya S. agalactiae iliwaambukiza watu waliokula samaki wa maji baridi wasiopikwa. Kupika hadi samaki aive huua bakteria huyo.

Mfugaji anayeona vifo visivyo vya kawaida anapaswa kumjulisha Afisa Uvuvi wa eneo lake kabla ya kutumia dawa yoyote. Samaki wanaofaa kwa vipimo ni wale walio hai lakini wanaoonesha dalili, si waliokwisha kuoza. Wakilazimika kusafirishwa wakiwa wamekufa, wawekwe katika mfuko safi juu ya barafu bila kugandishwa, na wafike maabara siku hiyohiyo, pamoja na maelezo ya joto la maji, idadi ya vifo kwa kila siku, na mahali vifaranga walikonunuliwa.