Je, Filimbi ya Zamani Ilikuwa Pungufu?

Ni mazoea kuisimulia historia ya filimbi ya Ulaya kama safari ya kutoka kwenye kasoro hadi ukamilifu: mbao ikaipisha metali, matundu ya vidole yakafunikwa kwa vibonyezo, noti zisizolingana zikalinganishwa. Naupinga usimulizi huo. Kutolingana kwa noti kulikuwa sehemu ya lugha ya filimbi ya karne ya 18, na watunzi walikutumia kwa makusudi.

Filimbi hiyo ilikuwa na matundu sita na kibonyezo kimoja tu, na mrija wake ulisinyaa kuelekea chini. Mpigaji akiinua vidole kimoja baada ya kingine, hupata ngazi kubwa ya D, kwa sauti ya wazi na yenye nguvu. Akitaka F ya kawaida, hana budi kuachia tundu moja huku akiziba lililo chini yake, na noti hutoka na ukungu, mithili ya mtu anenaye nyuma ya pazia. Kwa hiyo ufunguo mkubwa wa D uling'aa, na ufunguo mdogo wa F ukagubikwa na kivuli. Mtunzi aliyehama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine alihamisha na mwanga.

Wala mafundi wa zama hizo hawakupuuza usahihi. Johann Joachim Quantz, mwalimu wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, aliongeza kibonyezo cha pili ili D iliyopandishwa nusu sauti itofautiane na E iliyoshushwa nusu sauti, na akaitetea tofauti hiyo katika kitabu chake cha 1752. Filimbi ya leo huzipiga zote mbili kwa vidole vilevile, kana kwamba ni noti moja. Hapo ala ya zamani ndiyo iliyokuwa na sikio kali zaidi.

Theobald Boehm, sonara na mpiga filimbi wa Munich, alisukumwa na haja ya kweli. Mwaka 1831 alimsikia Charles Nicholson jijini London, na sauti nene ya filimbi yake yenye matundu mapana ikamtikisa. Mwaka 1847 alitoa filimbi ya mrija wa silinda, matundu yake yakipangwa kwa hesabu za akustika badala ya kufuata vidole vinakofika. Kumbi kubwa zilihitaji ala hiyo. (Metali yenyewe haina uzito tunaoipa: katika jaribio la John Coltman la 1971, wasikilizaji walishindwa kutofautisha fedha, shaba na mbao.)

Bei iliyolipwa husikika katika Partita ya Bach ya A ndogo, BWV 1013. Alemande yake huishia kwenye A ya juu kabisa, ukingoni mwa uwezo wa filimbi ya mbao, na mpigaji huifikia kwa kuhatarisha pumzi na midomo. Kwenye filimbi ya Boehm noti hiyo hutoka bila taabu, na msikilizaji hajui kwamba pale palikuwa na mlima.