Halmashauri ya Ngara: Utawala wa Mpakani

Wilaya ya Ngara imekaa pembeni kabisa mwa Mkoa wa Kagera, ikipakana na Burundi na Rwanda. Mto Ruvubu unatoka Burundi na kuungana na Kagera karibu na Rusumo, kwenye maporomoko ambayo umeme wake wa megawati 80 unagawanywa na nchi tatu. Huku vilimani, katika kata kama Mabawe, migomba na mibuni imezizunguka nyumba hadi mlangoni.

Kabla ya wilaya palikuwa na Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi, kila moja na mtawala wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Mjerumani, Bugufi iliangukia Tanganyika. Mwami (mfalme) Mwambutsa wa Burundi aliidai mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1948, asiipate. Uchifu ulifutwa baada ya uhuru. Halmashauri nazo zikafutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya 1982 na kuanza kazi mwaka 1984.

Miaka kumi tu baadaye, halmashauri hiyo changa ilikutana na jambo ambalo hakuna bajeti iliyowahi kulipangia. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao robo milioni waliokimbia vita nchini mwao walivuka daraja la Rusumo. Hata miaka 18 baadaye, sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 tu katika wilaya nzima. Basi ni kama Ngara nyingine ilihamia Ngara kwa siku moja. Kambi ya wakimbizi ya Benako ikawa kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule. Miti ilikatwa kwa kuni, maji yakagombewa. Wengi wa wakimbizi hao walirejea kwao Desemba 1996, lakini vilima vilivyobaki vitupu vilikuwa vya wenyeji.

Kwa maoni yangu, historia ya halmashauri hii haiko makao makuu tu. Iko pia kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Huku, ambako lugha ya Muhangaza na ya Mrundi zinasikilizana na ndugu wako pande zote mbili, anayetaka kitambulisho cha taifa huanza kwa viongozi hao. Mtendaji humuuliza amezaliwa wapi, wazazi wake ni nani, jirani zake ni akina nani. Akiridhika, huandika barua ya utambulisho, hutia sahihi na kugonga muhuri.